Shikamoo ya Dirishani

Buzuruga, Mwanza

Kaka Deodatus, shikamoo.

Sisi hatujambo, mvua tu ndiyo inatusumbua. Hapa maabara tumepata fundi wa kompyuta, Krupa, mjukuu wa mzee Jitesh wa duka la vitambaa. Binti huyo ana akili! Majibu ya vipimo, ambayo kompyuta huyatuma yenyewe kwa barua pepe, yalikuwa yanaangukia kwenye barua taka, na wagonjwa wakadhani tumewasahau. Krupa akafuta yale maneno ambayo bosi aliyaweka juu ya kila barua, “HARAKA! BONYEZA HAPA!” Siku hizi kila mgonjwa, kabla hajaondoka dirishani, anaiandikia kompyuta yetu “Shikamoo” kwa barua pepe ya simu yake, nayo inamjibu “Marahaba.”

“Mkishasalimiana,” anasema Krupa, “barua haitupwi tena.”

Wewe ulipima kabla Krupa hajaja. Majibu yako yametumwa mara tatu. Simu zangu hupokei tangu tugombanie kibanja cha baba, ndiyo maana nimeshika kalamu. Fungua barua taka, kaka. Yaliyomo siruhusiwi kuyasema, lakini nisingekuita upande meli kwa ajili ya mafua.

Kibanja kichukue chote. Wewe njoo.

Mdogo wako,
Leonsia