Mtandio Wako Umefika, Wifi

Kwa Dobi, chumba cha uani,
Jumapili, pasi ikiwa bado ya moto.

Mpendwa wifi yangu,

Habari za siku nyingi? Natumaini u mzima, na mama yako miguu imepungua kuvimba. Sisi huku hatujambo. Mvua inatusumbua, nguo za watu zinakaukia ndani mpaka hakuna pa kupita, lakini riziki inakuja.

Umeuliza hali ya mumeo. Ahsante kwa kukumbuka. Hajafa. Najua utashangaa, maana ulipofungasha uliwaaga majirani kama mjane, ukawaambia kaka yangu anaoza kichwani na wewe huwezi kulala na maiti. Maneno hayo yalimfikia. Alikuwa kibandani kwake, anatengeneza saa ya mtu.

Basi hospitali nilimpeleka mimi. Unajua kazi ya saa inavyomtaka ainame. Akiinama tu, tone la damu mezani, na siku zote ni tundu lile lile la pua, la kulia. Miaka yote hiyo tulimnunulia dawa za mafua. Daktari wa pua, mama mmoja mpole, aliingiza kamera nyembamba kama mlija, akatazama, akauliza ilikuwaje pua ivuje damu upande mmoja tu na asishtuke mtu. Nilitaka kumjibu kwamba yuko aliyekuwa akilala naye, aulizwe yeye.

Akapigwa picha ya kichwa kwenye mashine, akakatwa kinyama kidogo kikapimwe. Wakati wa kungoja majibu, wifi, sikukutakia mema hata siku moja. Nakwambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu.

Majibu yakaja: ni uvimbe, lakini si saratani. Uliota kwenye uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu, ukajaa puani, ukausukuma ukuta wa katikati mpaka tundu la pili nalo likaziba. Ile harufu uliyokuwa ukiizibia pua mbele ya wageni ilikuwa makamasi yaliyokwama nyuma yake. Hakuna kingine. Daktari alisema uvimbe wa aina hiyo ukiachwa unaweza kugeuka ukawa mbaya, na ukitolewa nusu nusu unaota tena. Kwa hiyo walipita mle mle tunduni, wakautoa wote, wakakwangua mpaka kwenye mfupa ulipojishikiza. Uso hawakuugusa. Sasa anarudi kila baada ya miezi kadhaa kuchunguzwa kwa kamera, na mpaka sasa ni kweupe.

Foronya zake za damu nilizifua mimi. Damu haitaki maji ya moto, ukiyatumia inashika moja kwa moja. Unailoweka kwenye maji baridi na chumvi. Nakufundisha tu, kwa ajili ya mume utakayempata.

Halafu pua ikaanza kunusa. Kwanza mafuta ya saa, kisha sabuni yangu, kisha mvua. Siku ya mvua alisimama mlangoni akalia, na mimi nikalia, mizee mizima.

Sasa nije kwenye mtandio. Ulitaka nimpe mkononi, nimwambie unaomba kurudi. Hapo ulikosea, wifi. Ungetuma ule wa zamani angeujua kwa macho. Huu ulionunua na kuuvaa huko hajawahi kuuona. Ulikuwa juu ya meza ya pasi alipoingia. Akauchukua, akauweka usoni, akakaa nao muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kumbuka alikuoa pua imeziba. Harufu yako hakuwahi kuijua.

Akaniuliza, "Huu wa nani, dada? Mbona unanukia vizuri hivi?"

Nikamwambia, "Wa mteja."

Akaukunja polepole, akaurudisha mezani. Kesho yake alipita tena, akauliza kama yule mteja ameshachukua nguo yake. Nikasema ameshachukua. Akaenda kazini.

Nisalimie mama yako, na kaka yako dereva, na shangazi yule mwenye maneno. Mumeo hakusalimu, hajui kama nakuandikia.

Mtandio wako nakurudishia pamoja na barua hii. Nimeufua mara mbili, nimeuanika juani, nimeupiga pasi. Unuse, utaona haunuki chochote.

Mungu akulinde, akuepushe na mafua.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Dobi