Bega la Mama Limekwenda kwa Wakili

Zam, nimekwenda Arua kuonana na wakili. Nesi alinidunga chanjo juu mno begani, na tangu hapo mkono haupandi. Lazima nilipwe fidia. Maharage yako jikoni, ongeza chumvi. Mpe baba yako chakula ~~akiomba msamaha~~ akirudi kutoka msikitini.

Najua atakuambia nimepona. Asubuhi kuku aliingia kwenye unga wa muhogo, nikajisahau, nikamrushia kandambili. Baba yako akapiga makofi: "Mukono iko muzima! Kesi imekwisha!"

Kumbe mkono umekwama juu, haushuki. Nikatoka nje nalia, nimeunyoosha vile vile, na bodaboda wawili wakasimama wakidhani nawaita. Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Hilo limeniuma kuliko bega.

Kabla ya kuondoka nimempigia wakili simu. Anasema anahitaji mtu aliyeuona mkono ukigoma kwa macho yake. Nimemtajia baba yako. Mwambie apige pasi kanzu nyeupe, Jumatatu twende wote akaeleze. Na ajizoeze kusimulia bila kucheka.

Mama