Waridi la Uani Lina Mama Yake

Shangazi Mwanaidi,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu mama alinilea vizuri; hiyo marahaba baki nayo huko huko Tanga.

Unaikumbuka nyumba yetu ya Magomeni, vyumba vitatu kila upande na korido katikati? Waridi lako jekundu lilikuwa mbele, pembeni ya baraza, na kila mgeni ulimwambia kwamba babu yako alilileta kutoka Arabuni. La mama, jeupe, lilikuwa uani kwenye kopo la maziwa. Alikuja nalo kutoka Masasi alipoolewa na baba. Ulikuwa ukinituma nikuchumie maua ya kutandika kwenye vitanda vya maharusi, nikirudi unanipa kashata. Nilikupenda, shangazi. Ndiyo maana imeniuma miaka yote hii.

Nilikuwepo mama alipoyachanganya. Alichukua unyoya wa kuku, akafuta vumbi la njano kwenye ua lako, akalipaka ndani ya ua lake. Tunda lilipoiva akapanda mbegu. Ikaota moja tu, ikatoa waridi la pinki lenye harufu ya kujaza korido nzima. Maharusi wakaanza kuliulizia hilo, lako wakaliacha.

Baba alipofariki, mama akiwa bado ndani ya eda, ukawaita wanawake wa mtaa uani.

"Huyu Rehema, mtu wa kuja, kavunja tawi langu akalipanda," ulisema. "Waridi ni lile lile jekundu, limepauka kwa maji ya kufulia!"

Wakaafiki, maana nani asiyejua kwamba sabuni hupausha? Mama akajibu kwa upole, "Wifi, nimelipanda kwa mbegu."

"Mbegu ya waridi! Nani ameiona hapa mjini?" Ukacheka, nao wakacheka.

Mjane wa eda hatolewi nyumbani, nawe dini unaijua kuliko sisi sote. Ulitutoa. Tuliondoka na lile kopo moja la waridi jeupe, jina la mwizi likatufuata mpaka chumba chetu cha kupanga Msimbazi. Mama akienda Kariakoo kununua asumini, wauzaji waliokujua walivuta mafungu yao karibu. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, nikaona.

Sasa sikiliza. Nafanya kazi kwenye maabara ya mimea. Mwezi uliopita mwanao Zuhura alinikatia majani ya mawaridi mawili yaliyobaki Magomeni, nikayapima pamoja na la mama. Tawi hubeba vinasaba vile vile vya mti lilikokatwa, hata ulimwagilie sabuni miaka kumi. La pinki si tawi lako. Ni chotara, nusu ya jekundu na nusu ya jeupe. Na ipo sehemu ya vinasaba ambayo waridi huirithi kwa mama peke yake. Hiyo ni ya jeupe tupu. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Hilo lako la Arabuni nalo ni chotara, shangazi, lina asili ya Uchina ndani yake. Tuseme nalo ni la kuja?

Mama ananiambia, "Mwache, mwanangu, kashazeeka." Yeye ana moyo wa kusamehe. Mimi sina, wala sioni haya. Mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Jumamosi utakuja kwenye kicheni pati ya Zuhura. Wanawake wale wale watakuwepo, nimewafuata mmoja mmoja majumbani kwao kuwaalika. Zuhura kanichagua mimi niongoze shughuli. Anajua nitakachosoma, na hajanikataza.

Unaweza kuniwahi. Simama kabla sijashika kipaza sauti, useme mbele yao, "Waridi ni la Rehema." Maneno manne tu. Ukishindwa, nitasoma majibu yote, pole pole, na kiti cha mama nimeshakiweka mkabala na chako.

Safari njema.

Ni mimi, binti wa kaka yako na wa yule uliyemwita mwizi.