Vidonge vya Chai ya Kijani

Tarehe 8 Januari

Wifi yangu mpenzi,

Hujambo huko kwenye duka la dawa? Miguu bado inavimba kwa kusimama kutwa? Sisi wazima. Sare za shule zimenijaa hadi kitandani, cherehani haipoi. Usinicheke kukuandikia barua kama watu wa zamani. Simu yangu kaka yako anaisoma kuliko mimi mwenyewe.

Chupa uliyonipa ya vile vidonge vya chai ya kijani imekwisha. Wifi, nimepungua! Gauni langu la kutokea nimelipunguza inchi mbili kila upande. Kaka yako, aliyeniita gunia mbele ya wageni akadhani ni utani, jana kaniuliza, "Mama Chiriku, unakula kweli wewe?" Nikamwambia nakula kwa macho. Nitumie nyingine, hata tatu. Chiriku amerudi bwenini salama, domo ni lilelile.

Wifi yako, Fundi


Tarehe 19 Januari

Wifi wee,

Salamu nyingi, na pole kwa sare. Mimi sijambo, miguu ndiyo hiyo, nimeizoea.

Si nilikwambia? Mimi nimemaliza chupa nne na sijapata hata mafua. Ni majani ya chai tu yaliyokamuliwa, nani aliwahi kufa kwa chai? Nakuletea tatu ndani ya kifurushi cha vitambaa. Ila kaka asijue, nakuomba. Tajiri wangu hana kibali cha kuviuza, tunavitoa chini ya kaunta. Na kaka unamjua, akishika neno haachi. Iwe siri yetu.

Wifi yako wa dukani


Tarehe 17 Machi

Wifi,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima. Nakuandikia kutoka wodini, kitanda cha dirishani, siku ya sita leo.

Ilianza kwa kuchoka. Nikadhani ni sare. Kisha mkojo ukawa kama chai ya rangi, mwili ukawasha hadi nikajikuna kwa rula ya kukatia. Mteja mmoja akaniambia, "Fundi, macho yako manjano." Nimejaa manjano hadi kwenye kucha.

Daktari anauliza kila siku, "Mama, unakunywa pombe? Umekunywa dawa gani?" Nasema hapana. Kaka yako anasimama pale pale, ananitazama kama mtu asiyemjua. Amechukua simu yangu aone naongea na nani. Anadhani nimekunywa kitu cha kutoa mimba. Mimi, wifi, na umri huu!

Sijakutaja. Ahadi ni deni. Lakini niruhusu niseme.

Wifi yako, Fundi


Tarehe 25 Machi

Wifi,

Pole sana, nimelia. Lakini fikiri kwanza. Chupa ni ile ile, tajiri ni yule yule, na mimi nimemeza kuliko wewe. Manjano ni ini, lakini mbona langu ni zima? Wateja wangu wote mbona wazima? Labda ni malaria iliyopanda, au maji ya huko. Ukitaja vidonge, watakuja hapa na polisi, na mimi ndiye ninayesimama kaunta. Usinitie kwenye kesi, wifi. Mungu atakuponya.

Wifi yako


Tarehe 2 Aprili

Wifi,

Sikuulizi hali. Nimesema. Sikukutaja jina wala duka, nimetaja vidonge tu.

Daktari hakunigombeza. Alivuta kiti, akaniambia maneno ambayo ningependa uyasikie wewe. Anasema kikombe cha chai ni kitu kingine. Hivi vidonge vimekolezwa, kimoja kina nguvu ya vikombe vingi. Watu wengi wanameza na hawaoni kitu, kama wewe. Lakini wako wachache waliozaliwa na alama ndani ya damu, wameirithi kwa baba au kwa mama, na hao wakimeza, kinga ya mwili inaweza kuligeukia ini lao wenyewe. Nikamuuliza, "Sasa wifi yangu kapona vipi?" Akasema, "Yeye ni wifi yako. Si damu yako."

Amechukua damu yangu kuipeleka maabara kubwa. Kaka yako haamini. Anasema nimetunga hadithi, kwamba hakuna chupa aliyoiona nyumbani kwake. Wewe tu ndiwe unayeweza kumwambia. Mstari mmoja unatosha. Andika, "Kaka, nilimtumia mimi." Nakuomba kama ninavyoomba maji.

Wifi yako, Fundi


Tarehe 22 Aprili

Wifi,

Wiki tatu hujajibu. Sawa. Hii si ya kunihusu mimi.

Majibu ya damu yamekuja. Alama ninayo. Daktari akauliza nina watoto wangapi. Nikasema mmoja. Akasema basi naye huenda kairithi, ni nusu kwa nusu, na mwenye nayo si lazima augue, lakini vidonge hivi asiviguse.

Wifi, katika zile chupa tatu nilikuwa nimefungua moja tu. Nilimtuma jirani akazitoe zote chini ya vitambaa ampelekee daktari. Kaikuta hiyo moja, mbili hazipo. Chiriku alikuja likizo fupi mwanzo wa Machi. Alinizunguka mbele ya kioo akisema, "Mama umekuwa mrembo, nipe siri." Nikamwambia mambo ya wakubwa. Yule mtoto hajawahi kuambiwa mambo ya wakubwa akayaacha.

Nesi amepiga simu shuleni kwa simu yake. Mwalimu wa zamu kamwita, kapekua sanduku, hakuna kitu. Chiriku kaapa. Kwa mwalimu ataapa mpaka kesho. Kaka yako kaenda kwa mama yenu na simu yangu, namba yako imo humo, na yake haipatikani. Shule iko mwendo wa saa mbili kutoka dukani kwako. Wewe ni shangazi yake. Nenda. Mtazame macho mchana, penye mwanga. Nenda, wifi, nenda, nenda.

Mama yake


Tarehe 29 Aprili

Wifi yangu,

Barua ilinifikia jana saa nne. Nilifunga kaunta tajiri akipiga kelele, nikaondoka na kandambili.

Walimwita akaja akikimbia, "Shangazi!" Nikampeleka uani penye jua. Macho, wifi. Si kama ulivyoeleza yako, lakini si meupe. Nikamuuliza, akaapa. Nikamshika mabega nikamwambia, "Mama yako yuko hospitali anakufa kwa vidonge nilivyompa mimi. Mimi, shangazi yako. Na niliogopa kusema. Usifanye kama mimi." Akanitazama, akakaa chini kwenye mchanga, akavua kiatu. Vidonge vilikuwa kumi na moja, ndani ya soksi. Chupa moja alikuwa ameshaimaliza. Akasema, "Nilidhani nawashwa kwa sababu ya sabuni."

Tumelala hospitali. Ini limeguswa. Daktari wa hapa anasema tumewahi, lakini linaweza bado kuharibika hata kama kaacha. Watampima damu kila siku ya tatu, na vipimo vikipanda wampeleke hospitali kubwa haraka, mtu mzima awepo kutia saini.

Nimempata kaka kwa simu ya mama. Nimemwambia yote. Akasema, "Nilimwita mwongo." Yuko njiani kuja kwako.

Nilipata barua yako ya tarehe mbili. Niliisoma. Niliiweka kwenye droo ya kaunta nikauza dawa siku nzima. Sina la kujitetea.

Wifi yako


Tarehe 4 Mei

Wifi,

Anaandika nesi, mkono wangu haushiki. Maneno ni yangu.

Kaka yako amefika. Amekaa kwenye kiti, hajui aweke wapi mikono. Nimemwachia akae. Daktari amemwita nje, na aliporudi kaanza kupigia ndugu simu. Sikuhitaji kuuliza.

Hukunilazimisha. Niliomba mwenyewe, nilitaka kuwa mwembamba. Lakini wiki zile tatu, wifi, siwezi kusema hazikuwapo. Sina nguvu za kukusamehe vizuri. Nina nguvu za kukutuma.

Kila siku ya tatu damu ya Chiriku ipimwe. Usimwachie mwalimu, usimwachie mtu. Apimwe na ile alama, na majibu yakitoka yakae pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, ili akizaa ajue la kuwauliza wanawe.

Watakupigia simu uje. Watakuambia ni aibu, wifi gani hakuja kumzika wifi yake. Wacha waseme. Usije, wala usimlete. Kaa hapo na mtoto mpaka macho yake yawe meupe.

Wifi yako