Mtori wa Jumamosi

Pasua, Moshi
Jumapili, 8 Juni 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta goti limepoa, na yule ng'ombe mweusi ameacha kupiga teke ndoo ya maziwa. Sisi hapa hatujambo. Theodora na watoto wanakuamkia, nami ni mzima, tena mzima kuliko ulivyoniona Krismasi. Najua utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Mama, wewe ukipokea simu unaweka sauti kubwa, soko zima la Mkuu linasikia. Tafadhali vaa miwani usome mwenyewe, usimpe Magdalena akusomee.

Utakumbuka Februari nilirudi kutoka mlimani kabla ya siku zangu, nikakwambia ni mafua. Hayakuwa mafua. Nilikuwa naongoza wageni, na kabla hatujafika kambi ya Horombo bibi mmoja wa miaka sitini na tano ndiye aliyekuwa anasimama kunisubiri mimi! Bosi akanipima: kilo tisini na nne. Akasema ananipa hadi Juni. Nisipoweza kupanda hadi Horombo kwa siku moja na mzigo wa kilo kumi na tano, nitahamia stoo kukunja mahema. Miaka kumi na saba ya mlima, kisha mahema! Niliumia sana, ingawa kitambi kile sikukiokota barabarani.

Nikaanza kwa pupa. Kabichi asubuhi, kabichi jioni, na chai ya rangi katikati. Wiki tatu nikapoteza kilo tano, nikajiona bingwa. Siku niliyojaribu kuinua gunia la mahindi, lilibaki chini na mimi nikakaa juu yake. Jesse, mwalimu wa mazoezi hapa mtaani kwetu, alicheka mpaka akashika ukuta. Akanieleza kwamba nilijinyima kila kitu, kwa hiyo mwili ulikuwa unakula misuli yangu pamoja na mafuta. Haraka haraka haina baraka.

Jesse ni mtu wa Machame, na unawajua wale kwa hesabu. Aliniuliza umri, urefu, uzito na kazi zangu zote, kama karani wa parokia anayeandikisha ndoa. Akakadiria kwamba mwili wangu unatumia kama kalori elfu mbili na mia sita kwa siku, akatoa mia nne tu, nisije nikaanguka tena. Kisha akagawa. Protini ndiyo ya kwanza, maana ndiyo inayolinda misuli: gramu mia na hamsini, yaani karibu gramu mbili kwa kila kilo ya uzito ninaoutaka. Mafuta gramu sitini na tano. Wanga mia mbili na hamsini. Na kuinua vyuma mara tatu kwa wiki, la sivyo misuli haioni sababu ya kubaki.

Basi nikanunua mizani ya jikoni. Mayai, maharage, dagaa, maziwa mgando, ndizi baada ya kumenywa, vyote vikapimwa na kuandikwa. Hata kata ya pombe ya mbege niliyokunywa kwa baba mkwe, Jesse aliiandika kwenye wanga bila huruma. Kilo mbili zikatoka, halafu mizani ikagoma hadi Pasaka.

Jesse akataka kujua ni kitu gani siandiki. Nikamjibu hakuna, isipokuwa mtori wako wa ndizi, nyama na siagi unaotoka nyumbani kila Jumamosi kwa gari la Basili. Akauliza kwa nini siupimi. Mama, nilimkasirikia. Nilimwambia kwetu Rombo mtu hawezi kuweka chakula cha mama yake kwenye mizani kama anamshuku mwenye bucha. Akasema heshima ni nzuri, ila tumbo halijui siagi hiyo imetoka kwa nani. Na mimi nilikuwa namaliza hotpoti nzima kabla ya misa ya Jumapili.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Tangu Pasaka sijala mtori wako. Badala ya kukwambia ukweli, nilikuwa nampa Sirili, mlinzi wetu, halafu nakupigia simu kusifia ladha. Hotpoti saba, Mama. Sirili sasa shati linagoma kufunga.

Alhamisi nilipanda. Nilifika Horombo saa tisa na nusu mchana, mzigo mgongoni, kilo themanini na mbili, na miguu ilikuwa ile yangu ya zamani. Bosi amenirudisha kazini. Jumanne naondoka na wageni. Jana hotpoti ilipofika nilimpelekea Sirili kama kawaida, akanishukuru, kisha akalalamika kwamba tangu nianze kumpa, mtori wa bibi hauna siagi, ni nyama ya steki tupu na ndizi kidogo. Nikachukua kijiko nikaonja. Kweli. Nikamgeukia Theodora, akakiri. Alikwambia habari za kilo zangu na mizani ya Jesse wiki ile ile ya Pasaka, nawe ukamwomba asiniambie, nisije nikaona aibu.

Mama, ulikuwa unachambua mafuta kwenye nyama kwa ajili yangu, na mimi namlisha mlinzi. Nililia pale getini, na Sirili akadhani ninataka anirudishie deni la mtori.

Chombo hakirudi kitupu. Fungua hotpoti utaona jani la isale, nimelikata kwenye mpaka wa migomba ya kihamba cha baba mkwe. Najua mwana akileta isale, mzazi haulizi tena, anasamehe tu. Chini yake kuna mkanda wangu wa Krismasi. Hauna kazi kiunoni kwangu tena, mfungie ndama.

Mtori wa Jumamosi ijayo niwekee, nikishuka mlimani nitakuja kuula hapo hapo jikoni kwako. Mizani nitaiacha Moshi.

Wasalimie Magdalena na majirani wote, na goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi mwanao,
Leodegar