Jina la Ndaki Limetoka Mkekani

Mwaka umetimia leo, Ndaki, tangu uliposema kichwa kinakugonga kidogo, ukalala Jumatatu, na Alhamisi tukawa tunaulizana nani aende kumwambia Mayu, mama yetu. Wewe, mtu wa kuchelewa kila mahali! Ulichelewa kipaimara chako. Ulichelewa siku ya mahari yako mwenyewe, ng'ombe wakafika kwa kina Klara kabla ya bwana harusi. Umewahi mara moja tu katika maisha yako, na tazama mahali ulipochagua kuwahi. Miaka thelathini na sita, mdogo wangu.

Nimeambiwa nikuandikie mimi, dada yako Salome, kwa sababu eti nina mdomo. Mzee alisema, "Salome aandike, yeye hata msibani hakosi neno." Sasa mdomo wenyewe mwaka mzima umekuwa mzito kama mawe yanayosubiri kusagwa na karasha. Nimejaribu hivyo hivyo. Gazetini hatukupeleka maneno haya. Tumeyaweka hapa kwenye ukurasa wa mbele wa Mtungi, pale pale ulipokuwa ukiandika "Karibu, chota," ili waandishi wako nao wasikie tunapoongea na wewe.

Maana wapo watakaofungua leo kwa mara ya kwanza, hawajui ulikuwa nani. Ulitengeneza mtungi wa majina. Mtu anaandika hadithi, amekwama, mhusika wake hana jina. Anafungua simu, anabonyeza Chota, linatoka jina moja kwa bahati yake, na chini ya jina mstari mmoja wa kulieleza. Halimpendezi, anachota tena. Ni hivyo tu. Uliifanya kazi hiyo miaka tisa, hapa Maganzo, chini ya bati, kwenye joto lile.

Nyumbani hakuna aliyekuelewa, tuseme ukweli. Mzee wetu, aliyemaliza ujana wake mgodini Mwadui, alikuwa akisimama mlangoni anakutazama umeinamia kompyuta, matobolwa, vile viazi vyetu vikavu, mkononi, makombo yameingia mpaka katikati ya vitufe.

"Ndaki, leo umefanya nini?"

"Nimeongeza majina arobaini, Baba."

"Majina ya nini?"

"Ya watu wa kwenye hadithi."

"Ambao hawapo?"

"Ambao hawapo."

"Kwa hiyo ng'ombe hawajanywa maji kwa sababu ya watu ambao hawapo."

Mimi ndiye nilikuwa mbaya zaidi. Kila ukija kwangu Katoro nilikutangaza kwa wateja wangu wote pale gengeni: "Mwoneni huyu! Wenzake huku wanachimba dhahabu, yeye anachimba majina. Akipata la karati ishirini na nne atafunga kazi." Wachimbaji wanacheka, na wewe unacheka nao, mdomo umejaa wali wangu. Siku moja ukanijibu, "Dada, dhahabu ukiitoa, shimo linabaki tupu. Jina ukilichota, linabaki pale pale." Nikakwambia ule, chakula kinapoa. Ningejua, ningekaa chini nikakusikiliza.

Majina yako hukuyatunga. Uliyaomba. Ulikwenda mnadani Songwa na kaunta buku kwapani, ukawasalimia wazee shikamoo moja moja bila kuruka hata mmoja, kisha ukamwomba mtu jina lake na neno moja la kulielezea. Ulikaa na kina mama wauza dagaa kule Chato, ukarudi unanuka mpaka Klara akakuogesha nje. Kwa hiyo kila jina mle ndani lina mtu wake. Kina Masele wako wanane, na kila mmoja ana mstari wake. Nimesoma mengi mwaka huu. "Lusia: alizaliwa siku lori la pamba lilipokwama mlangoni." "Gregory: la tabibu wa zahanati, ukoo ulikasirika." Ulikuwa ukisema jina la kutunga mezani linanuka plastiki.

Jumamosi ilikuwa siku ya kusafisha. Unaondoa yaliyojirudia, unatengeneza palipoharibika, unafuta upuuzi uliotumwa na vijana, kina Kichwa Kigumu na kina Bosi wa Mabosi. Klara anaita ugali uko tayari. "Dakika mbili!" Dakika zako mbili tunazijua. Ugali ulikuwa unaota ngozi. Bado hujamaliza, kwa sababu kuna mwalimu wa Tanga amekuandikia anataka jina la mchungaji mnafiki, na wewe lazima umjibu: "Jina halina kosa, mwalimu. Mpe lolote. Unafiki utamwongezea wewe."

Ila kuna mara moja ulikosea, na kosa hilo ndilo lililotufikisha hapa leo.

Ulipita machimboni Nyarugusu ukapewa jina na mchimbaji mmoja, Marselino. Ukaandika: "Marselino: huimba akiwa chini, ili walio juu wajue yu hai." Miezi miwili baadaye duara, shimo lao la kuchimbia, likamfunika. Wewe hukujua. Mtungi haukujua. Mwandishi mmoja akachota, akampata Marselino, akamfanya mlevi wa kuchekesha kwenye hadithi ya kutumiana kwenye simu, ikazunguka mpaka ikaingia kwenye simu ya mjane wake, Suzana. Matanga yalikuwa hata hayajaanuliwa.

Nilikuwa nimekuja Maganzo siku alipokupigia. Sauti yake ilisikika chumba kizima.

"Wewe ndiye kijana wa majina?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Usinisalimie. Udongo wa kaburi la mume wangu haujakauka, umeshampeleka kazini? Na kazi yenyewe ya ulevi?"

Hukujitetea. Kesho yake ulinifuata mpaka Katoro na begi dogo, nikakupeleka mpaka kwake. Ulikaa mkekani na waombolezaji siku mbili, ukapasua kuni, ukabeba maji kama mkwe wa nyumba. Siku ya tatu Suzana ndiye aliyezungumza. "Jina nalo linafiwa," alisema. "Liache likae mkekani mwaka mmoja. Likishapumzika, liende linakotaka."

Uliporudi ulitengeneza chumba cha pembeni ndani ya Mtungi, ukakiita Mkekani. Mtu aliyekupa jina akifariki, jina lake linakaa humo mwaka mzima na hakuna awezaye kulichota. Mwaka ukiisha unaipigia simu familia yake, unalirudisha siku hiyo hiyo. Hukuwahi kuongeza hata siku moja. Mama mmoja wa Chato alikulilia kwenye simu, anataka mwanawe apumzike mwaka wa pili. Ulimwambia, "Mama yangu, mkeka nao hukunjwa." Kisha ukaenda kukaa nyuma ya zizi, na hukula mchana huo.

Jina la kwanza kabisa kuingia Mtungini lilikuwa la kwako. Wiki ile ya mazishi, Klara alifungua kompyuta huku macho yamemvimba, akakulaza Mkekani. Ndiyo kazi ya kwanza aliyoifanya peke yake. Tangu hapo Mtungi anautunza yeye, Jumamosi zote, na binti yako Noela anamsomea majina yaliyojirudia. Watu wanachota kila siku. Wewe hakuna aliyekuchota.

Na leo mwaka umeisha.

Mimi nilikataa, Ndaki. Naandika bila kuona aibu. Wiki iliyopita nilimpigia mkeo.

"Wifi, mwongezee mwaka."

"Hakumwongezea mtu, wifi."

"Hao hawakuwa wetu."

"Walikuwa wa watu."

Nikamkatia simu. Nilimkatia mjane wako simu, nawe ungenigombeza. Lakini niliogopa. Mkekani ulikuwa wetu peke yetu. Ukitoka, atakuokota mtu asiyekujua, akufanye mwizi wa kuku, akufanye mume mkorofi anayetupa masufuria nje. Nitamkamata wapi nimwambie kwamba huyu alikuwa akinimenyea viazi alfajiri nilipokuwa na mimba ya Adam, akichelewa basi lake makusudi?

Jumatatu nikafunga genge, nikaenda Nyarugusu kwa Suzana. Yeye ndiye mwenye sheria, nikajua ataniunga mkono. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaingia ndani, akatoka na karatasi kwenye bahasha ya nailoni, zimekunjwa mpaka mikunjo imechoka.

"Soma."

Ilikuwa hadithi. Mtu wa Mbeya huko, hamjui yeye wala mumewe, alimchota Marselino mwaka wake ulipokwisha. Ulimpelekea Suzana wewe mwenyewe, Ndaki, umeichapisha, na hukutuambia hata siku moja. Humo ndani Marselino ni rubani.

"Aliishia darasa la nne," Suzana akasema. "Ndege alikuwa akiziona zinapita tu, anakinga jua kwa mkono. Sasa anarusha. Anatua hata kwenye mvua, Mama Adam, abiria wanapiga makofi."

"Na kuimba?"

"Anaimba. Yule mwandishi hakuuacha ule mstari. Anaimba huko juu, ili walio chini wajue yu hai."

Nililia mpaka kuku wakanikimbia. Suzana akanicheka, "Na mdomo wote huo!" Kisha akalia na yeye.

Basi leo asubuhi baada ya misa tumekaa sebuleni Maganzo, Mzee, Mayu, Klara, Noela na mimi. Klara akafungua Mkekani. Hatukuwahi kuusoma mstari wako. Nani angejua kwamba ulijiandikia na wewe? Klara akausoma kwa sauti: "Ndaki: la babu. Huchelewa, lakini hufika."

Mzee akaomba usomwe tena. Ukasomwa. Akafuta miwani kwa shati, akairudisha, akaifuta tena.

"Mrudisheni," akasema. "Kazi yake mwenyewe, sheria yake mwenyewe."

Klara akanisogezea kompyuta. Nilimwomba msamaha wa ile simu, akanishika bega. Kitufe ni kidogo sana, Ndaki. Nilidhani kitu kama hicho kingekuwa kikubwa.

Noela akawa wa kwanza kuchota. Akatoka Apolonia. "Tena," akasema. Edward. Tena. Majina yako yamepita elfu kumi na moja, lakini yeye ana miaka saba, kwake mtungi ni mtungi, ukizamisha mkono utagusa chini. Ghafla Mzee akavuta kiti. Mzee ambaye hajawahi kukigusa kitu hicho! "Hebu na mimi." Akabonyeza kwa kidole kimoja kama anaua kupe. Donatus.

"Siye," akasema. Akabonyeza tena. "Siye." Tena. Mayu alikuwa amemshika kiuno kwa nyuma, kama ashikwavyo mtu anayechungulia kisima. Alichota mpaka bando likaisha.

Hukutoka.

Noela akamgeukia bibi yake. "Baba hayumo?"

"Yumo," Mayu akamwambia. "Amechelewa tu. Hata kuzaliwa alinichelewesha wiki mbili, nimelala hospitali nguo zake zimekunjwa kando ya mto wangu. Mimi nimeshazoea kumngoja huyu."

Alilisema hilo vizuri kabisa, sauti imenyooka. Kisha akaenda jikoni, na tukasikia maji yanamiminwa kwenye sufuria, yakimiminwa, yakimiminwa.

Niache sasa niwaambie neno moja hawa wanaochota, halafu nakurudia. Ndugu mwandishi, siku moja utabonyeza na atatoka Ndaki. Hatukuchagulii. Mfanye mwizi ukitaka, mpe kilema, mpe wake wanne, hata unafiki mwongezee. Tunakuomba jambo moja tu, sisi watu wake. Usimuue kurasa za mwanzo. Mwache achelewe.

Ndaki, anakukumbuka baba yako Charles Masele, ambaye siku hizi ananywesha ng'ombe mwenyewe na hamgombezi mtu. Anakukumbuka mama yako Zipora. Anakukumbuka mkeo Klara, na binti yako Noela, ambaye ameuliza mara mbili bando litanunuliwa saa ngapi. Anakukumbuka mpwa wako Adam, mwanangu, uliyemfundisha kusoma kwa yale majina. Suzana wa Nyarugusu amesema tumtaje na yeye, ni mtu wa nyumbani. Na mimi dada yako, mwenye mdomo.

Ugali umefunikwa mezani. Hatukusahau wala hatutakusahau, mdogo wetu. Dakika zako mbili bado tunazingoja.