Pasaka ya Mama Katika Nyumba ya Geti Jeupe

Nyamira, 4 Machi 2023

Mwanangu Mellen,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha Kipruto, kisha watoto kwa umri wao. Mimi ni mzima isipokuwa masikio. La kushoto limefunga kabisa, na la kulia lasikia kama mtu aliye nyuma ya ukuta. Binamu yako Osoro hunipa simu yake niongee nawe, lakini tukimaliza hubaki nikikisia ulisema nini, na katika jambo hili sitaki kukisia. Kwa hiyo tuandikiane. Barua nitazipeleka stendi kwa gari la Kericho, na wewe fanya vivyo hivyo.

Nimeelewa kwamba madaktari wa Longisa wamesema koo la mama halina tiba tena, limebaki la kutunzwa tu. Nimeelewa pia kwamba Bonareri, rafiki yako aliyemweka chumbani kwake hapo Longisa, anahamishwa kikazi mwisho wa mwezi. Mshukuru sana kwa niaba yangu.

Kipruto ametoa chumba. Mwambie nimeguswa. Lakini mama yako amekataa, na hata asingekataa yeye ningekataa mimi. Unajua chinsoni, haya ya kwetu kati ya wakwe, ni nini. Mama hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake, akaoshwa na kugeuzwa huku mkwe anasikia kutoka sebuleni, sembuse kukata roho humo. Mume wako angekuwa mwema kwake kila siku, na yeye angekuwa anakufa kwa aibu kabla ya kufa kwa ugonjwa. Na huku kwangu, tangu tuhamie shamba la marehemu kaka yangu, mgonjwa hubebwa dakika arobaini kutoka barabarani, na dawa ya mofini hakuna.

Umeniambia kuna hospisi mbili upande huo, nyumba za kutunzia wasio na tiba. Nenda ukaone zote, kisha uniandikie ni ipi. Nakuomba wewe kwa sababu mimi siwezi kuja. Unajua niliapa mwaka ule wa 2008 kwamba sitakanyaga tena upande huo.

Ni mimi,
Babako

*

Bomet, 11 Machi 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hapa hatujambo, ila mvua imetukalia vibaya na wakulima wananiletea majani ya chai yaliyolowa, wanataka nipime maji. Kipruto anakusalimu. Alisikitika kidogo kuhusu kile chumba, tayari alikuwa ameweka kitasa, lakini anaelewa.

Mama yuko vile vile. Uji anameza nusu kikombe. Anakuuliza kama unavaa ile sweta.

Baba, nimeenda kote kuwili. Ya kwanza ni ile ya karibu na Kericho mjini, ina geti jeupe. Ukiingia unaona maua, sakafu inang'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Matroni alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha ofisini, nikaletewa chai ya maziwa kwa sahani na keki. Alinionyesha vyumba, vitanda ni vya kupandisha na kushusha, na kila mgonjwa ana dirisha linaloangalia mashamba ya chai. Aliniambia, "Mama yako tutamtunza kama wetu."

Ya pili ni ya masista, upande wa reli. Ni mabati na mbao, rangi imebambuka, inanuka dawa ya kufulia na uji. Hakuna aliyenipa kiti. Nesi mmoja alinipita mara mbili akikimbia na beseni, ya tatu ndiyo akasema, "Ngoja kidogo dada, kuna mtu anatapika."

Mimi naona ya geti jeupe.

Binti yako,
Mellen

*

Nyamira, 15 Machi 2023

Mwanangu,

Barua yako imefika na nimefurahi kusikia kwamba mnaendelea vizuri. Mwambie mama sweta naivaa, hata sasa ninapoandika.

Usikasirike na nitakalosema. Umeniandikia juu ya sakafu, dirisha, keki na chai. Mama yako hawezi kumeza keki, na hatatembea sakafuni. Nataka kujua mambo ambayo hayako ofisini.

Rudi bila kuwaarifu, na usiende saa nne ya asubuhi wakati kila mtu amevaa vizuri. Nenda jioni wahudumu wanapopokezana zamu, na nenda Jumapili. Tazama midomo ya wagonjwa. Mtu asiyeweza kunywa hukaukwa midomo, na midomo hiyo hailoi yenyewe, lazima mtu aje na pamba na maji, tena na tena. Tazama visigino vyao na mifupa ya nyonga. Ngozi ikiwa imechubuka, basi hawageuzwi. Uliza maumivu yakija kabla ya saa ya dawa hufanyika nini, nani hutoa mofini, na kama huyo mtu hayupo hutoa nani. Usimwulize matroni. Mwulize anayepiga deki, na mwulize ndugu wa mgonjwa ukimkuta nje akipumzika.

Mambo haya sikuyasoma tu. Niliyajua kwa nyanyako, aliyelala miezi mitatu kwenye hema la wakimbizi wa ndani, na mimi nikijifunza kumtunza kila siku baada ya kukosea.

Babako

*

Bomet, 21 Machi 2023

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama na hilo sikio la kulia bado lina moyo. Huku tunaendelea, watoto wameanza kukohoa lakini si kitu.

Nimeona aibu, baba. Mimi ni karani wa kituo cha majani. Kila siku mkulima analeta kikapu, juu amepanga majani mawili na chipukizi, mororo kabisa, na mimi natia mkono mpaka chini ndipo natoa yale magumu, naye anaanza kuniita "mama yangu" na "bosi". Miaka tisa nafanya hivyo. Halafu naenda kumtafutia mama yangu mahali, nanunua majani ya juu.

Nilirudi geti jeupe Jumapili jioni. Matroni hayuko. Msichana mmoja kwa wagonjwa tisa. Kwa chumba chenye dirisha zuri kuna mzee, midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi, na kikombe cha maji kimewekwa mezani mahali mkono wake haufiki. Nilimnywesha. Alinishika kidole hakutaka kuachilia. Nilimwuliza yule msichana kuhusu mofini, akasema inafungiwa kabatini na ufunguo anao matroni. Nikamwuliza, na matroni akiwa nyumbani? Akaangalia chini. Akasema, "Tunawaambia wavumilie."

Kwa masista nilifika wakati wa kupokezana zamu. Yule aliyekuwa anatoka alizunguka na anayeingia, kitanda kwa kitanda, akimweleza mbele ya mgonjwa mwenyewe: huyu amelalia upande huu tangu saa tisa, huyu maumivu yalikuwa saba sasa ni tatu. Wanawauliza wagonjwa wataje namba toka sifuri hadi kumi, na asiyeweza kusema anaonyesha kwa vidole. Midomo yote ilikuwa imepakwa mafuta. Mama mmoja wa kutoka kwetu aliongeleshwa Kigusii, kibovu sana lakini Kigusii, na akacheka.

Sasa nikuambie ambalo sikukuambia mara ya kwanza. Nilisema upande wa reli. Ni Kipkelion, baba. Ukisimama kwa veranda yao unaona kilima chetu, na mahindi ya mtu mwingine pale nyumba yetu ilipokuwa. Na nesi anayesimamia zamu, yule wa beseni, anaitwa Tecla Chepkemoi. Ni binti ya jirani yetu wa zamani, Mzee Hezekiah Kimeli. Alinitambua kabla mimi sijamtambua. Alisema wewe ndiye uliyemfundisha kusoma, darasa la tatu.

Niambie nifanye nini. Bonareri anahama tarehe thelathini.

Binti yako,
Mellen

*

Nyamira, 25 Machi 2023

Mellen,

Salamu kwenu nyote.

Namkumbuka Tecla. Alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto na nilimwacha aandike nao, wakati walimu wengine walikuwa wakiwachapa. Sina neno naye.

Lakini nilikaa na Hezekiah mpaka mmoja kwa miaka ishirini na mbili. Ng'ombe wake alipokuwa na shida ya kuzaa aliniita mimi, na nilipozika mtoto alichimba kaburi pamoja nami. Siku ile tulipochomewa nyumba alisimama kwenye ua wake, mikono nyuma, akitazama paa letu linaanguka. Hakushika kiberiti, hilo nalijua. Hakusema neno pia. Mama yako alimwita kwa jina mara mbili. Wakati huo masikio yangu yalikuwa mazima na nilisikia jinsi alivyomwita.

Sasa unataka mama yako alale akitazama kilima hicho, ageuzwe na mikono ya nyumba hiyo, na Hezekiah aje kumwamkia na kitoma cha maziwa kana kwamba tuliachana jana. Sitaki. Mpeleke geti jeupe. Nenda mwenyewe kila siku utakayoweza, mpake midomo mafuta, mtake matroni akupe namba yake ya simu. Nyumba yenye kasoro hurekebishika ikiwa na mtu wa kuifuata.

Nimeamua.

Babako

*

Kipkelion, 11 Aprili 2023

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nimenyamaza zaidi ya wiki mbili kwa sababu sikuwa na la kukuandikia ambalo ungetaka kulisoma.

Tarehe thelathini nilimpeleka mama geti jeupe kama ulivyosema. Wiki ya kwanza haikuwa mbaya. Nilikuwa nafika kila jioni nikitoka kazini, na wakijua nafika walikuwa wanamgeuza. Halafu ikaja Pasaka. Matroni aliondoka Alhamisi kwenda kwao, akabeba ufunguo. Simu yake ilizimwa. Ijumaa Kuu mama alianza kuumwa saa tano asubuhi, akaumwa mpaka Jumatatu. Nilikuwa naye. Kipruto alizunguka kila duka la dawa lililokuwa wazi, hakuna anayeuza mofini hivyo. Mama hakupiga kelele, koo halingemruhusu. Alikuwa anauma kona ya shuka. Jumamosi aliniashiria nimpe kalamu, akaandika, "Mwambie baba yako amenitosha." Sijui alimaanisha kwamba umemtosha maisha yake yote ama kwamba imetosha. Nilimwuliza, akafumba macho.

Jumatatu sikukuuliza. Mimi na Kipruto tulimtoa, Kipruto akiendesha bila kugeuka nyuma hata mara moja kwa ajili ya heshima yake, tukamleta hapa. Tecla alikuja mpaka kwa gari. Hakuuliza karatasi. Alimwuliza mama, "Ni ngapi?" Mama akaonyesha vidole vyote kumi. Baada ya nusu saa vilikuwa vinne. Leo asubuhi ni viwili, na amelala ameachama mdomo kama mtoto.

Mzee Hezekiah yuko nje kwenye benchi tangu jana. Haingii. Anasema hataingia mpaka wewe uje useme aingie ama aende.

Wanasema ni siku chache. Sikuandikii ili unisamehe. Nakuandikia uje.

Mellen

*

Nyamira, 13 Aprili 2023

Mwanangu Mellen,

Barua imefika leo mchana. Ulifanya sawa. Nakuja Jumamosi na Osoro. Mwambie mama.

Babako

*

Nyamira, 2 Juni 2023

Mwanangu Mellen,

Nakusalimu wewe na Kipruto na watoto. Mimi nimesimama. Mvua imepungua na kaburi la mama halijazama upande wowote. Nililiangalia asubuhi hii kama ninavyoliangalia kila asubuhi.

Hatujaandikiana tangu mazishi, na siku zile tano za Kipkelion hatukuzungumza sana kwa kuwa kulikuwa na kazi. Nataka ujue nilichokiona, kwa sababu wewe ulikuwa ukienda kazini na kurudi. Nilitia mkono mpaka chini, mwanangu, kwa nia mbaya. Nilitafuta kosa. Nilikaa macho kwenye kiti chake nikahesabu wanakuja mara ngapi, na walikuja mara nyingi kuliko nilivyokuwa nimewaandalia lawama. Usiku wa mwisho Tecla alimwosha na akaniomba nimshikie taulo. Alimweleza mama kila alichokuwa anafanya, "sasa nainua mkono, sasa nageuza," ingawa mama hakuwa anajibu tangu mchana. Nilimwuliza kwa nini anaongea na mtu asiyesikia. Akanijibu kwa sauti kubwa, karibu na sikio langu, "Mwalimu, hata wewe husikii na bado naongea na wewe."

Na Hezekiah. Siku ya kwanza nilimpita. Siku ya tatu nilikaa kwenye benchi lile lile, upande wa pili. Amezeeka kuliko mimi. Alisema wale vijana wawili waliobeba petroli walikuwa wa dada yake, na kwamba miaka hii yote amekuwa akitafuta sentensi moja ya kuniambia na hajaipata. Nikamwambia asitafute tena. Hakuniomba msamaha, na mimi sikumpa. Lakini nilimwambia aingie. Aliingia, akasimama miguuni pa kitanda, akamwita mama yako kwa jina. Mara mbili. Kisha akatoka.

Sasa kuna jambo la kukutuma. Masista wamenitumia fomu. Huwatumia jamaa za waliokufia kwao baada ya mwezi mmoja, waeleze kama huduma ilikuwa nzuri. Nimejaza yote kwa kalamu ya wino. Maumivu yalitulizwa haraka? Ndiyo. Mgonjwa aliheshimiwa? Ndiyo. Familia ilielezwa mambo kwa lugha inayoeleweka? Ndiyo, tena kwa sauti ya kutosha. Swali la mwisho limenikalisha siku nane: ni jambo gani lingefanywa vizuri zaidi?

Nimeandika hivi: "Mgonjwa angeletwa kwenu tarehe 30 Machi. Aliletwa tarehe 10 Aprili. Katika siku hizo kumi na moja aliteseka nne bila dawa, na kosa hilo si la nyumba yenu. Binti yetu alikagua vizuri na kusema kweli. Mume wa mgonjwa alijua jibu sahihi akachagua lingine. Andikeni hivyo kwenye faili lake."

Nimetia sahihi na jina langu lote. Fomu imo ndani ya bahasha hii. Najua utataka kufuta sehemu hiyo kwa huruma, au useme karatasi ilipotea. Usifanye hivyo, mwanangu. Ipeleke mikononi mwa Tecla ilivyo.

Babako